Anwani Mbili, Barua Moja

Barua pepe haifiki iwapo kompyuta zinazoipokea njiani haziielewi anwani yake. Katika miaka ya 1980 palikuwapo namna mbili kuu za kuandika anwani hizo. Intaneti ilitumia jina la mtu, alama ya @, kisha jina la kikoa, yaani taasisi na nchi yake. Mfumo wa X.400, uliotolewa mwaka 1984 na kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu, ulitaja kila sehemu peke yake: nchi, shirika la mawasiliano, taasisi, jina la ukoo.

Mpakani mwa mifumo hiyo ziliwekwa kompyuta zilizofanya kazi ya ukalimani. Kila moja ilitegemea nakala ya majedwali ya kulinganisha anwani. Nakala moja ikipitwa na wakati, anwani ya mwandishi iligeuzwa visivyo, na jibu lake likapotea.

Mwaka 1994 lilitolewa pendekezo, lililokamilishwa mwaka 1998, kwamba ulinganisho huo uwekwe katika Mfumo wa Majina ya Vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Humo kila taasisi hutunza kumbukumbu za jina lake, na kompyuta yoyote huweza kuziuliza. Ilitengwa kumbukumbu maalumu, iitwayo PX, inayooanisha anwani za pande mbili. Sahihisho lilifanywa mahali pamoja tu. Wakalimani wote walilipata kwa kuuliza.

Leo barua nyingi hufuata anwani za intaneti pekee. Hata hivyo kanuni imebaki: orodha ya wengi hudumu sahihi kila mwenye jina anapotunza sehemu yake.