Msomi wa Kisanskriti na Mstari wa Fort Ternan

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli ya zamani katika Kaunti ya Kericho. Wanaolifahamu jina hilo, aghalabu wamelisikia kwa ajili ya mabaki ya kale aliyoyafukua Louis Leakey karibu na hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi nalikuta kwingine. Mwaka 1903 lilitajwa katika agizo lililopelekwa ofisi ya ardhi: kati ya Machakos Road na Fort Ternan, Wahindi wasipewe mashamba makubwa. Aliyeagiza ni Sir Charles Eliot, Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Na Eliot huyo aliweza kukaa na maandiko matakatifu ya Wahindi akayasoma katika Kisanskriti chenyewe.

Kisanskriti alikisomea Oxford, akashinda ufadhili wa Boden. Tukumbuke Boden alikuwa nani: afisa wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki aliyekiachia chuo hicho mali yake ili Kisanskriti kifundishwe, Biblia ipate kutafsiriwa na Wahindi waongolewe. Kwa hiyo usomi wa Kisanskriti Oxford haukuzaliwa mbali na dola. Ulilelewa kwa fedha za askari wake.

Hata hivyo lugha hiyo ilikuwa imezaa elimu ambayo dola haikuitarajia. Mwaka 1786, huko Calcutta, jaji William Jones alisema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi kwamba haviwezi kuwa vimekutana kwa bahati tu; lazima vitokane na chimbuko moja. Wajerumani, Franz Bopp akiwa mbele yao, wakaligeuza wazo hilo kuwa mbinu. Unachukua maneno ambayo watu hawayaazimi ovyo, kama hesabu, viungo vya mwili na majina ya ndugu, pamoja na viambishi vya vitenzi. Unavipanga lugha kwa lugha, kisha unatafuta sauti zinazobadilika kwa utaratibu uleule kila mara. Utaratibu huo ukionekana, umepata undugu, na undugu wa lugha ni historia hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuandika herufi moja.

Eliot aliijua mbinu hii vizuri. Kabla ya kuja huku alikuwa ameandika sarufi ya Kifini (1890) na kitabu kuhusu Uturuki, na baadaye angeandika *Hinduism and Buddhism*, juzuu 3 zilizotoka mwaka 1921. Saa zake za mapumziko alichunguza makoa wa baharini, wakiwemo wa pwani yetu. Akili kama hiyo haipatikani kila siku.

Lakini alipofika mwaka 1900 alikabidhiwa hesabu iliyokataa kukubali. Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, ikiwa imemeza zaidi ya pauni milioni 5, na haikuwa na mizigo ya kuilipia. Aprili 1902 mpaka na Uganda ukasogezwa, na nchi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, ikatolewa Uganda ikawa chini yake. Mwaka huohuo sheria ya ardhi ikaruhusu serikali kukodisha mashamba kwa miaka 99. Jawabu la Eliot lilikuwa walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu. Katika kitabu chake cha 1905, *The East Africa Protectorate*, aliieleza nchi hii kama ubao usio na maandishi, ambao Waingereza wangeweza kuuandika wapendavyo.

Naona hapo ndipo usomi wake ulipomwangusha. Alikuwa amezoea ustaarabu unaojidhihirisha kwa vitabu. Pasipo na kitabu aliona utupu. Wala siwezi kumtetea kwa kusema hakuwa na ushahidi. Ndani ya serikali yake mwenyewe alikuwemo A. C. Hollis, aliyekuwa akikusanya hadithi, vitendawili na sarufi za watu wa huku. Hollis alipochapisha *The Masai* (1905) na *The Nandi* (1909), dibaji za vyote viwili ziliandikwa na Eliot, na humo anapima uhusiano wa lugha hizi kwa utulivu wa mwanafunzi wa Kisanskriti. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa karibu mno kwa lugha. Kwa hiyo ubao ulikuwa na maandishi, naye alianza kuyasoma akiwa ameshaondoka.

Aliondoka mwaka 1904 kwa ugomvi na London. Wakubwa wake walitaka kampuni moja ipewe maili za mraba 500 katika Bonde la Ufa, huku wakimzuia yeye kuwagawia walowezi wawili kutoka Afrika Kusini, akajiuzulu. Wamaasai, wenye malisho hayo, hawakuwa na kiti katika mzozo huo. Eliot akaenda kuongoza vyuo vikuu vya Sheffield na Hong Kong, akawa balozi Japani, akafariki mwaka 1931 melini akirejea kwao.

Chai ya Kericho haikuwa mpango wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia na miche ya chai. Mikataba ya ardhi ilikuwa imeshaongezwa tangu 1915 hadi miaka 999. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoirudisha kuwa 99 kwa wasio raia. Madai ya Wakipsigis na ukoo wa Talai kuhusu kunyang'anywa ardhi yalifikishwa mwaka 2022 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Na ile mbinu iliyoanzia Calcutta? Mwaka 1971 Christopher Ehret aliitumia katika *Southern Nilotic History*, akizilinganisha lugha za Kikalenjin, zikiwemo za Wanandi na Wakipsigis, na Kidatoga cha Tanzania ili kufuata nyayo za watu hawa kurudi nyuma karne nyingi. Kisha mwaka 1979 Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa waziri, akachapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin, na mwaka huohuo historia simulizi ya Wakipsigis. Maktaba inayoviweka vitabu vyake rafu moja na vya Eliot ingekuwa imefanya kazi nzuri, mradi msomaji aanze na Toweett.