Bia Nyeusi ya Sinema Isiyolevya

Watazamaji wengi wamwonapo mwigizaji akimaliza bilauri ya bia nyeusi na kuagiza nyingine, hudhani kwamba anakunywa bia kweli. Mara nyingi sivyo. Kipande kimoja cha sinema huweza kupigwa mara kumi au zaidi, kwa sababu taa haikukaa sawa au neno limekosewa. Angekunywa bia halisi kila mara, angesahau maneno yake kabla ya adhuhuri.

Tuseme kwamba vijana wa Kibirichia, katika Meru, wanataka kutengeneza sinema ya kuonya watu: kisa cha mtu aliyeanza kwa bia nyeusi, na fedha zilipomwishia akaangukia pombe haramu. Onyo hilo si la mzaha. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa katika Embu, Kitui, Makueni na Kiambu kwa kunywa pombe yenye methanoli. Sinema isipofanana na kweli, watazamaji wataicheka na onyo litapotea. Lakini haifai kumlevya kijana mmoja ili kuwaonya wengine.

Kwanza ni rangi. Weusi wa bia hiyo hutokana na shayiri iliyokaangwa sana. Chai ya rangi ni nyepesi mno. Soda ya kola huonyesha wekundu taa ikiwa nyuma yake, na povu lake hutoweka upesi. Kahawa nyeusi hufaa kwa rangi, lakini vikombe vingi huufanya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Basi dawa iko karibu, kwani shayiri hulimwa huko Timau. Ikaangwe katika sufuria kavu mpaka iwe kahawia iliyokolea, ichemshwe, ichujwe na kupozwa. Iwe shayiri ya chakula, wala si mbegu iliyotiwa dawa ya wadudu. Maji yake yatumiwe siku iyo hiyo, kwani yakikaa huweza kuchacha.

Pili ni povu, ambalo katika bia nyeusi huwa zito na lenye rangi ya maziwa ya chai. Chukua kahawa ya unga inayoyeyuka, sukari na maji ya moto, kila kimoja kijiko kimoja. Piga kwa nguvu mpaka vifure, kisha tandaza kidogo juu ya bilauri. Wengine hutumia sabuni. Hiyo ni kwa bilauri iliyowekwa mezani tu, wala isinywewe kamwe.

Tatu ni mwigizaji mwenyewe. Anywe mafunda madogo, na bilauri ijazwe mpaka alama ile ile kila picha inaporudiwa. Akumbuke pia kwamba mlevi hujitahidi kuonekana hajalewa. Kuyumbayumba kupita kiasi hakumdanganyi mtu.

Ziko pia bia zinazouzwa kuwa hazina kilevi, lakini baadhi yake huwa nacho kidogo sana. Tena, aliyeacha ulevi huweza kuamshiwa tamaa kwa ladha na harufu tu. Kwa hiyo kila mwigizaji aulizwe kwanza, na anayekataa apewe maji ya shayiri. Wale walio chini ya miaka 18 wasipewe pombe hata tone, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza.