Kuitunza Miwani ya Kuogelea

Jicho la mwanadamu huona vizuri likiwa limetanguliwa na hewa. Tukizama, maji hugusa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kwa kuwa maji na konea hupinda nuru kwa kadiri zinazokaribiana, takriban theluthi mbili ya uwezo wa jicho wa kukusanya miali hupotea, na kila kitu huonekana kwa ukungu. Miwani ya kuogelea huirejesha hewa hiyo.

Baada ya kuogelea, miwani isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana fuwele za chumvi hukwaruza kioo. Upande wa ndani usisuguliwe: miwani mingi imepakwa hapo utando mwembamba unaozuia mvuke kufanya matone, nao ukikwanguka haurudi. Ikaushwe kivulini, kwani jua huchakaza mpira. Tena isiazimwe, kwa kuwa yaweza kueneza ugonjwa wa macho mekundu.

Jaribio: paka sabuni kidogo nusu ya kioo, ifute, kisha kipulizie pumzi. Ni nusu ipi iliyobaki angavu, na kwa nini?