Mafuta gani kwa moteri ya zamani? Tusome bidoni mbele ya kulipa

Katika koperative nyingi mali ya bei kubwa si mbegu wala depo. Ni moteri. Inasaga muhogo na mahindi, inakoboa mpunga, ao inavuta kamyo inayopeleka mavuno sokoni. Mara nyingi ni ya zamani: ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, ilipita katika mikono ya watu wengi, na kitabu chake kilipotea. Ikisimama katikati ya mavuno, mama zetu wanarudia kwenye kinu, ao wanabeba beseni kichwani mpaka kwenye mashini ya kijiji kingine. Na pesa ya akiba ya wote inaenda kununua vipande.

Mara nyingi moteri ya namna hiyo haifi kwa uzee tu. Inakufa juu ya mafuta: mafuta yasiyofaa, mafuta machafu, ao mafuta yaliyokaa ndani kupita wakati. Habari njema ni hii: ili kuchagua vizuri, hauhitaji kuwa fundi. Inaomba kujua kusoma vitu viwili juu ya bidoni, na kuhesabu masaa.

Mafuta yanafanya kazi gani?

Watu wengi wanasema mafuta ni ya kulainisha. Ni kweli, lakini kuko kazi ingine. Yanatoa joto kwenye pistoni na kulipeleka chini. Yanaziba nafasi ndogo kati ya pete za pistoni na silinda. Yanabeba masizi na vumbi ya chuma ili visigande. Na yanapigana na asidi. Mazutu iko na sulfuri. Ikiwaka, sulfuri ile inazaa asidi inayokula chuma. Ndani ya mafuta mazuri mnatiwa dawa ya kuua asidi hiyo. Dawa ikiisha, mafuta yanaweza kuwa mengi bado, lakini hayalinde tena.

Kitu cha kwanza cha kusoma: nambari ya uzito

Tafuta herufi SAE na nambari inayofuata. Nambari kubwa, mafuta mazito. Nambari ndogo, mafuta mepesi. Ukiona nambari moja, kama SAE 40, mafuta hayo yana uzito mmoja: asubuhi kwa baridi yanakuwa mazito sana na yanakawia kufika juu. Ukiona nambari mbili, kama 15W-40, ile ya mbele (yenye W) inaonyesha namna yanavyotiririka kwa baridi, na ya nyuma inaonyesha uzito yakiwa na joto la moteri.

Maana yake: moteri ikishapata joto, 15W-40 na SAE 40 ziko katika uzito mmoja. Tofauti ni dakika za kwanza za asubuhi. Na ni katika dakika hizo ndipo vyuma vinasagana bila mafuta ya kutosha.

Kwa hiyo, mahali pa joto kama Uvira na bonde la Ruzizi, SAE 40 inaweza kufaa moteri ya zamani ya mazutu. Kwenye milima, kama Masisi ao Lubero, ambako asubuhi ni baridi, 15W-40 ni bora. Kama mnaweza kununua aina moja tu, chukueni 15W-40. Inatumika pande zote mbili.

Kuko wanaosema: «Moteri imezeeka, tuweke mafuta mazito kabisa ili isitoe moshi.» Ni kweli 20W-50 inaweza kupunguza kidogo mafuta yanayoungua katika moteri iliyokwisha kulika. Lakini moshi wa buluu ni alama ya pete za pistoni ao silinda zilizolika. Mafuta mazito yanaficha ugonjwa, hayauponye. Anzeni kuweka pesa ya kutengeneza kungali mapema.

Kitu cha pili: herufi za kazi

Sasa tafuta herufi API. Kiisha kuko herufi mbili ao zaidi. Zikianza na C, ni mafuta ya moteri ya mazutu. Zikianza na S, ni ya moteri ya esansi. Herufi inayofuata inaonyesha umri: kadiri inavyokuwa mbali katika alfabeti, ndivyo mafuta yalivyo ya kisasa. CD ilianza mwaka wa 1955, CF-4 mwaka wa 1990, CH-4 mwaka wa 1998, na CI-4 mwaka wa 2002.

Moteri ya Kichina ya silinda moja ambayo wengi wenu mnajua, ile inayoandikwa S195, inatosheka na CD ao CF-4. (Nambari hiyo iko na maana: 1 ni silinda moja, 95 ni upana wa silinda kwa milimeta. Iandikeni katika kaye yenu. Mtaihitaji mkitafuta kitabu ao vipande.) Mkikosa CD sokoni, CF-4, CH-4 na CI-4 zinaweza kuchukua nafasi yake bila shida.

Na gari ya zamani ya esansi? Hapa tuwe na angalisho. Katika moteri nyingi za zamani, kipande kinachosukuma sulupapu kinasuguana moja kwa moja na chuma cha kamu. Mafuta ya zamani yalikuwa na zinki na fosfori nyingi za kulinda pahali pale. Mafuta mengi ya gari mpya za esansi yamepunguziwa fosfori, na zinki pamoja nayo, juu fosfori inaharibu kifaa cha kusafisha moshi. Tena ni mepesi sana: 5W-30, hata 0W-20. Muuzaji anaweza kukuambia kama ni mafuta ya bei kali na ya kisasa zaidi. Ni kweli kwa gari mpya. Lakini katika moteri iliyolika nafasi kati ya vyuma ni kubwa, na mafuta mepesi yanapita haraka, presha inashuka, na yanavuja. Kwa gari kama hiyo tafuteni 15W-40 ao 20W-50 yenye herufi za pande mbili, kwa mfano CF-4/SG.

Bidoni isiyo na SAE wala API, muiache pale. Ile yenye herufi SA vilevile: haina dawa yoyote ndani. Mafuta ya tronsoneze ao ya pikipiki ya tempo mbili yametengenezwa ili yaungue pamoja na esansi, hayafai hapa. Na mafuta ya mawese ni ya sombe: ndani ya moteri, joto linayageuza kuwa gundi.

Masaa, si kilometa

Shofere anabadilisha mafuta kila kilometa 5.000, na anaona ni mbali. Mashini ya kusaga haina kilometa. Tufanye hesabu: gari inayotembea kilometa 50 kwa saa inamaliza kilometa 5.000 katika masaa 100. Mashini inayofanya masaa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, inafanya masaa 30 kwa juma. Masaa 100 yanaisha katika majuma matatu na siku chache tu!

Kama kitabu cha moteri kipo, fuateni kitabu. Kama hakipo, masaa 100 ni mpaka mzuri kwa moteri ndogo ya mazutu. Pale vumbi ya unga ni nyingi, ao moteri haina filtre, msingojee hata masaa 100.

Mkifanya vidanje, fanyeni hivi:

1. Washeni moteri mpaka ipate joto, kiisha zimeni. Mafuta ya moto yanatoka na uchafu wake.
2. Fungueni chini, acheni yatoke yote. Kama kuko kichujio cha waya, kiosheni na mazutu safi.
3. Mimineni mafuta mapya mpaka kwenye alama ya juu ya joje, moteri ikiwa imesimama sawasawa. Kupita alama si kuongeza nguvu, ni kuharibu.
4. Washeni kidogo, zimeni, ngojeni dakika chache, pimeni tena.
5. Andikeni tarehe na masaa katika kaye.

Joje ipimwe kila asubuhi mbele ya kuwasha. Mafuta yakiwa meusi, msiogope: katika moteri ya mazutu ni alama kwamba yanabeba masizi. Lakini yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Na yakipanda peke yake bila mtu kuongeza, mazutu ao maji yanateremka ndani. Simamisheni na muite fundi.

Mafuta ya chupa kando ya barabara

Katika masoko kuko mafuta katika chupa za maji, bei nusu. Mara nyingine ni mafuta yaliyotoka katika kamyo, yakachujwa na kitambaa. Kitambaa kinazuia takataka kubwa tu. Masizi madogo, asidi na mazutu vinabaki, na dawa imekwisha. Nunueni bidoni iliyofungwa, kwa duka moja mnalolijua, na muombe fakture. Mkimaliza bidoni, itobolewe, juu kuko watu wanaozitafuta ili kujaza mafuta ya uongo.

Na yale mnayotoa? Hapa ninasema kama agronome. Yasimwangwe karibu na mto, wala karibu na mashimo ya kulowekea muhogo. Yasipakwe ng'ombe juu ya kupe, wala kwenye kidonda cha mtu: yana vitu vinavyoweza kuleta kansa. Yawekeni katika bidoni yenye alama, mbali na watoto, mpaka mpate garaji inayoyapokea.

Nani anaamua?

Shida ingine si ya ufundi. Mwenye kuendesha mashini anaomba mafuta, mwenye kutunza pesa anasema tungojee, na komite inasikia habari siku moteri imegonga. Kwa hiyo tunawaomba mkate neno hili katika mkutano ujao: kwa kila beseni inayosagwa, sehemu ndogo iwekwe kando kwa mafuta, na isiguswe kwa kazi ingine. Uzito na herufi za mafuta ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba ya mashini, ili yeyote anayetumwa sokoni alete kitu kilekile. Na kaye ya masaa isomwe mbele ya wanachama, sawa vile inavyosomwa kaye ya pesa. Moteri ni ya wote. Na mafuta yake pia ni kazi ya wote.