Mtande na Mshindio

Katika tafsiri za maelezo ya ufumaji tunakuta mara kwa mara "nyuzi za wima" na "nyuzi za mlalo". Istilahi hizi zinapotosha, kwa kuwa kwenye vitanda vingi vya mfumi nyuzi zote hulala. Kiswahili kina maneno yake. Nyuzi zinazotangulia kutandwa kwa urefu wa nguo huitwa mtande, kutokana na kitenzi tanda. Uzi unaopitishwa kwa mapana, juu na chini ya hizo, huitwa mshindio.

Tofauti hii si ya majina tu. Mtande ndio unaovutwa kwa nguvu na kusuguliwa muda wote wa kufuma. Kwa hiyo kiwandani nyuzi zake, ambazo huweza kuwa maelfu, hupangwa sambamba na kuzungushwa kwenye rola kubwa. Hupakwa wanga na kukaushwa ili zisikatike. Kisha kila uzi huingizwa katika kitanzi chake na kupitishwa kati ya meno ya chanuo. Nguo ikisha kufumwa, wanga huo huoshwa, maana huzuia rangi kuingia vizuri.

Mshindio hauhitaji wanga huo. Mfasiri akibadilisha majina, fundi atapaka uzi usiohusika, na mtande utakatika mashineni.

Tunapendekeza, basi, walimu na wafasiri washike maneno haya mawili. Shughuli yenyewe na iitwe utandaji, kama vile ufumaji utokanavyo na fuma.