Gari lilale nje, mchele ulale ndani

Sisi tuliorudi Makamba kutoka Kigoma, wengi tulianza biashara kabla ya kununua gari. Ndiyo maana gereji ya nyumbani (si ile ya fundi) imejaa mchele uliopita Manyovu na chumvi ya Uvinza. Sioni ubaya, almuradi gari lisilale humo humo. Harufu ya petroli hupenya gunia, na mteja akiinusa kwenye wali harudi tena. Chumvi nayo huvuta unyevu, bati la gari likashika kutu.

Mzigo uwekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yakinyevuka huota kuvu, na sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Kibaya zaidi ni madumu ya petroli ambayo watu waliyaficha ndani wakati wa uhaba wa mwaka 2024. Cheche moja tu, na mtaji wote kwaheri!

Mke wangu hakubali. Anasema gari likiibwa, magunia tutayabeba kichwani. Namjibu kwamba mle ndani mna ada ya watoto. Kwa sasa tumeweka mlinzi, naye anataka alipwe kwa mchele.