Mba wa Kichwani na Dawa ya Kupuliza

Mtu avaaye koti jeusi siku ya Jumapili, kisha akaona mabega yake yamejaa unga mweupe, huona haya kana kwamba hakuoga. Wenzake nao humtazama wakidhani ndivyo ilivyo. Dhana hiyo si ya haki. Mba wa kichwani si uchafu, wala si dalili ya uvivu, wala mtu haupati kwa kuvaa kofia ya mwenzake. Karibu nusu ya watu wazima huupata wakati fulani wa maisha yao, matajiri kwa maskini, wa mjini na wa shamba.

Katika maduka ya dawa zauzwa dawa za mba za namna nyingi: sabuni za maji za kuoshea nywele, dawa za kupaka, na dawa za kupuliza ziwekwazo katika chupa au makopo yenye mdomo wa kunyunyizia. Watu wengi hununua dawa hizi za kupuliza kwa sababu hazina taabu, kisha hulalamika kwamba wametupa fedha zao bure. Mara nyingi kosa halimo ndani ya chupa. Ama dawa haikufika mahali pake, ama ugonjwa wenyewe haukuwa mba. Basi yafaa tueleze kwanza mba watoka wapi.

Kando ya shina la kila unywele, ndani ya ngozi, mna tezi ndogo itoayo mafuta. Mafuta hayo ni mema, maana huilinda ngozi isikauke. Lakini juu ya ngozi hiyo huishi kiini kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, cha jamii ya kuvu. Ni ndugu wa mbali wa hamira, ingawa hakuna awezaye kukitumia kuumulia mandazi. Jina lake ni Malassezia, kwa heshima ya Louis-Charles Malassez, mtaalamu wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1874. Kila mtu mzima anacho, hata yule asiye na mba. Kiini hiki hakiwezi kujitengenezea mafuta kinayoyahitaji, kwa hiyo hula yale ya ngozi yetu, na katika kula huacha mabaki makali. Ngozi za watu wengine huyavumilia mabaki hayo. Ngozi za wengine hukasirika. Ngozi iliyokasirika hufanya haraka ya kujivua. Kwa desturi ngozi ya kichwa hujibadilisha polepole, kwa muda wa majuma manne hivi, na vipande vinavyoanguka ni vidogo hata havionekani. Ikifanya haraka, vipande hushikamana, huanguka kwa mafungu, nasi twaviona begani.

Kuna watu ambao jambo hili haliishii hapo. Ngozi yao huvimba kidogo na kuwasha, magamba huwa na mafuta na rangi ya manjano, na ugonjwa hushuka hata kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio, ndevuni na katikati ya kifua. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita dermatitisi ya sebori. Tuseme ni kaka mkubwa wa mba. Vitabu vingi vya uganga vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, navyo husema kwamba mahali hapo huwa pekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Huonekana mabaka yaliyofifia rangi, na pengine yaliyokoza. Wako waliojificha nyumbani wakidhani kwamba wameshikwa na ukoma. Mabaka ya ukoma kwa kawaida hayawashi, na mara nyingi mtu hupoteza hisia mahali hapo. Ukimgusa kwa pamba hasikii. Mabaka ya dermatitisi ya sebori huwasha, na ugonjwa ukitulizwa rangi ya ngozi hurudi polepole. Mwenye shaka asikae akikisia, aende akapimwe.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mafuta ya nywele, hata kama litawaudhi kina mama na kina shangazi waliotulea. Desturi yetu ni kwamba kichwa kikionekana kikavu na chenye unga, hupakwa mafuta mpaka king'ae. Unga huo hulala chini, mtu hufurahi siku mbili, kisha hurudi kwa wingi zaidi. Sababu ni dhahiri kwa aliyefahamu yaliyosemwa hapo juu. Katika maabara, wataalamu watakao kukiotesha kiini hiki hutia mafuta ya zeituni katika chakula chake. Mwenye mba ajipakaye mafuta ya namna hiyo kwenye ngozi ya kichwa hufanya kazi ile ile bila kujua. Vaselini si chakula cha kiini, lakini huyagandisha magamba pamoja na kuizuia dawa isipite. Hatusemi nywele ziachwe zikatike kwa ukavu. Nywele zetu zahitaji mafuta. Yapakwe kwenye nywele zenyewe, toka katikati mpaka ncha, wala si kwenye ngozi.

Sasa tuje kwenye kosa lililo kubwa kuliko hilo. Mtoto wa shule wa miaka sita arudi nyumbani ana unga kichwani. Mama yake atwaa dawa ya mba aliyonunuliwa baba, ampulizia kila siku kwa mwezi mzima. Unga wazidi, nywele zakatika, kisha duara tupu laonekana juu ya kisogo. Kufikia hapo wadogo zake wawili wana duara kama hilo, na mwenzake wa dawati moja pia. Mtoto yule hakuwa na mba hata siku moja. Alikuwa na choa, ambacho wengine hukiita mashilingi au mapunye. Tezi za mafuta za mtoto wa umri huo zimelala, haziamki mpaka abalehe, na kwa hiyo mba wa kweli ni nadra kwa watoto wa shule za msingi. Mzazi aonaye magamba kichwani mwa mtoto wa miaka mitatu hadi kumi afikirie choa kwanza.

Choa chatokana na kuvu ya namna nyingine, iingiayo ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake. Dawa ya kupuliza hukaa juu ya ngozi, haiwezi kuifuata huko chini. Choa cha kichwani chahitaji dawa ya kumeza, kama vile grisiofulvini, iliyoanza kutumiwa kwa kumezwa mwaka 1958, au terbinafini, na dawa hizo hutolewa na daktari kwa kadiri ya uzito wa mtoto, kwa majuma kadhaa. Tena choa huambukiza, kwa hiyo ndugu zake nao watazamwe, na vitana, kofia na mashine za kinyozi visafishwe. Mtoto mchanga ni jambo jingine. Yeye huweza kupata magamba mazito ya mafuta utosini katika miezi yake ya kwanza. Hayo kwa kawaida huondoka yenyewe. Huoshwa kwa sabuni laini na kusuguliwa polepole kwa burashi laini, wala asipuliziwe dawa ya watu wazima.

Kwa mtu mzima mwenye mba wa kweli, dawa ya kupuliza yaweza kumfaa sana, hasa mwanamke aliyesuka. Umande wa dawa huingia katika njia zilizo kati ya mikia ya nywele bila kuifumua kazi ya siku nzima ya msusi. Lakini akumbuke kwamba ugonjwa u katika ngozi, si katika nywele. Anayesimama mbele ya kioo akapuliza juu ya kichwa kizima, kama anyunyiziavyo maua maji, amezilowesha nywele tu.

Aanze kwa kuosha kichwa na kukikausha, maana dawa haipenyi magamba yaliyogandamana na mafuta ya juma zima. Magamba yakiwa mazito mno, yalainishwe kwanza kwa mafuta kidogo, kisha yaoshwe yote pamoja na mafuta hayo. Asiyakwangue kwa kucha, maana kidonda huleta usaha. Chupa itikiswe vizuri. Nywele zigawanywe kwa kitana, njia moja baada ya nyingine, na katika kila njia mdomo wa chupa uelekezwe kwenye ngozi, kwa umbali ulioandikwa kwenye kopo. Macho yafumbwe na paji la uso lifunikwe kwa kitambaa. Ikiwa mtu ana pumu, apulize penye hewa nyingi, au amwombe mwenzake amsaidie huku akigeuzia pua kando. Dawa isuguliwe kidogo kwa ncha za vidole, iachwe ikauke, na mikono ioshwe. Ikiwa imechanganywa na spiriti, itachoma mahali palipochubuka. Mtu aliyetoka kutiwa dawa ya kunyosha nywele angoje ngozi ipone.

Spiriti hiyo, na gesi isukumayo dawa katika makopo, hushika moto upesi. Nyumba zetu nyingi zina jiko la makaa, koroboi au taa ya mafuta katika chumba kile kile ambamo watu hujitengeneza nywele. Mtu asipulize karibu na moto wo wote, wala asivute sigara kabla dawa haijakauka, wala asipitishe kitana cha moto kwenye nywele zilizo mbichi kwa dawa. Kopo lililokwisha lisitobolewe wala lisitupwe katika shimo la takataka zichomwazo.

Mnunuzi asome jina la dawa iliyomo, maana mapambo ya kopo hayatibu. Jina hilo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini mwanzo wake hufanana na huu tuuandikao. Ketokonazoli huua kuvu. Zinki pirithioni na seleni salfaidi hukipunguza kiini na kutuliza haraka ya ngozi. Asidi ya salisiliki hulegeza magamba tu. Sabuni ya maji yenye ketokonazoli ya asilimia 2 hutumiwa mara mbili kwa juma, kwa majuma mawili hadi manne, na povu lake huachwa kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa. Wengi huisuuza mara moja na kuipeleka dawa yote mferejini. Hata atumiaye dawa ya kupuliza hufanya vema kuwa na sabuni ya namna hiyo. Wenye nywele kavu kama zetu wasioshe kila siku. Mara moja kwa juma yatosha wengi wao. Na mba hauishi kabisa. Kiini hubaki, hivyo aliyepona huendelea kuosha kwa dawa mara moja kila juma au kila majuma mawili, la sivyo unga hurudi.

Kuna kundi la pili, nalo ndilo la kuogopwa: dawa zenye steroidi, kama betamethazoni na klobetasoli. Hizi haziui kuvu. Hutuliza uvimbe na mwasho kwa upesi wa ajabu, na daktari aweza kuzitoa kwa kichwa kilichovimba sana, kwa siku chache. Zikitumiwa miezi na miezi huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi na chunusi, na hasa usoni huharibu vibaya. Klobetasoli ndiyo hiyo hiyo iliyoonekana mara nyingi katika dawa za kujichubua. Na mwenye choa akipakwa steroidi peke yake, mwasho hupungua huku kuvu ikistawi chini.

Tena si kila kopo husema kweli. Mwaka 1997 wakuu wa dawa wa Marekani waliwaonya watu juu ya dawa moja ya kupuliza iliyotoka Hispania, iliyoitwa Skin-Cap. Kwenye kopo iliandikwa zinki pirithioni, na watu waliisifu mno kwa jinsi ilivyoponya haraka. Ilipopimwa ilionekana ina klobetasoli ndani yake, ambayo haikutajwa po pote. Watu walikuwa wakijipulizia bila daktari dawa kali ambayo Marekani haikuuzwa ila kwa cheti cha daktari. Katika Kenya kazi ya kuangalia dawa ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya sheria iliyoanza mwaka 1957, na duka la dawa lililoandikishwa laweza kuulizwa juu ya bidhaa zake. Mchuuzi wa stendi ya basi hawezi. Dawa isiyo na jina la kilichomo, au iponyayo kwa usiku mmoja mba uliosumbua miaka mitano, itiliwe shaka kwa sababu hiyo hiyo ya upesi wake.

Mtu aliyetumia dawa ifaayo kwa majuma manne, kwa njia tuliyoeleza, asione nafuu, aende zahanati. Aende mapema zaidi akiona usaha, nywele zikitoka kwa mabaka, au magamba mazito meupe yakitokea viwikoni na magotini pia, maana huo waweza kuwa ugonjwa mwingine. Na yule ambaye dermatitisi ya sebori imemtokea ghafula, kali, usoni na kifuani kwa pamoja, apime pia virusi vya Ukimwi. Ugonjwa huu wa ngozi huwapata hata watu wasio na virusi hivyo, lakini huwa mkali na wa mara nyingi zaidi kwa wenye navyo, na pengine ndiyo ishara ya kwanza waionayo. Aendapo achukue kopo la dawa aliyokuwa akitumia, hata kama ni tupu, ili mganga asome kilichomo.